Barua ya wazi kwa mlioko madarakani: Bibi yetu wa Pangani alifanya kazi miaka 70 na hakuandikwa popote

Kwa waheshimiwa mawaziri mnaoshika mambo ya wazee na mambo ya fedha, waheshimiwa wabunge wa Bara, na nyie madiwani na wakurugenzi wa halmashauri zote zenye wazee.

Waheshimiwa, shikamooni wale mlionizidi umri, na wengine habari za kazi.

Nawaandikia kutoka Pangani. Juzi tumemaliza arobaini ya Bibi yetu, watu wameshatawanyika, masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe, mimi nimekaa barazani kwake nikaona nisipoandika sasa hivi wakati bado nna uchungu nitarudi mjini kwenye mihangaiko na sitoandika tena. Jina lake silitaji, mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Ila aliyewahi kusubiri pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, alfajiri anamjua, ukisema tu yule bibi wa vitumbua basi, hata utingo atakwambia.

Bibi alizaliwa msimu wa nzige. Ndo alivyokuwa anasema ukimuuliza umri, kwamba nzige walitua kwenye mihogo hawakuacha hata jani moja na mama yake akajifungua kwenye njaa ile. Sisi tukikadiria inakuja kama 1931 au 32, manake nzige wale waliisumbua Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai, tarehe ya kuandikiwa tu kwa sababu fomu haikubali kuachwa wazi. Kwahiyo amefariki ana miaka 90 na ushee, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuona karatasi ya serikali iliyosema huyu mama anafanya kazi. Pale kwenye "kazi" walikuwa wanaandika mama wa nyumbani, au mkulima, na kuna fomu moja ninayo hapa wamepiga mstari tu.

Naomba niwaeleze hiyo kazi iliyopigwa mstari.

Ilikuwa inaanza saa tisa usiku. Mchele ameshauloweka tangu jana, anautwanga kwenye kinu, anachekecha, nazi anakuna mwenyewe kwenye mbuzi, tui anachuja kwa kifumbu alichosuka kwa mkono wake, hiliki anaponda kidogo tu manake hiliki ghali, alafu anaumua. Zamani hamira za paketi hazijaenea alikuwa anaumulia tembo, ile pombe ya mnazi, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema kitumbua cha hamira kinajaa ila hakina harufu. Saa kumi na moja chuma kiko motoni. Chuma chenyewe kina mashimo 7, shimo moja la pembeni lilitoboka kwa chini likazibwa na fundi likawa linaunguza, kwahiyo miaka yote niliyomjua alipika 6 kwa mpigo, anageuza kwa kijiti cha chelewa na vidole havishtuki na moto. Jua likichomoza yupo kivukoni na beseni lake limefunikwa kitambaa cheupe. Akimaliza anapita sokoni, anarudi, anakwenda shamba kwenye mihogo, mchana joto likikaza anakaa kwenye upenu anasuka ukili wa mikeka, jioni anapika, usiku anatukagua miguu mmoja mmoja kama tumenawa kabla ya kupanda kitandani. Hiyo ni siku moja. Zidisheni wenyewe.

Nyuma ya mlango wa jiko lake kuna ukuta wa udongo umejaa michoro ya mkaa. Lile ndo lilikuwa daftari la biashara. Mvuvi amemchora samaki, mgema amemchora kibuyu, utingo wa basi la Tanga amemchora gurudumu, na mbele ya kila picha kuna vimstari vya vitumbua alivyochukua mkopo. Baadae alipojua kusoma akaanza kuandika na majina, herufi kubwa tupu, S zote zimegeukia kushoto, lakini picha hakuziacha, anaandika jina na pembeni anachora samaki wake. Kila mwandamo wa Ramadhani anachukua kitambaa cha maji anafuta ukuta mzima, aliyelipa na asiyelipa, mwaka unaanza upya. Nimeangalia sasa hivi kabla ya kukaa kuandika, umebaki na samaki wawili na gurudumu moja.

Kusoma alijifunza kwenye kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi wakati huo anakaribia 40, anaenda darasani saa kumi jioni na mtoto mgongoni, anakaa kwenye dawati ambalo asubuhi alikaa mwanawe. Alafu ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wanakusanyika kwenye redio moja wanasikiliza kipindi, wakitoka wanachimba vyoo, Bibi na wenzake walichimba choo cha shimo ambacho sisi tumekitumia mpaka tunakua. Nataka mnielewe vizuri hapa waheshimiwa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchi hii walikuwa kama 67 kwa kila 100, ikifika 1986 wamebaki chini ya 10. Nchi ilikuwa masikini kuliko leo, na bado ilimkumbuka mama wa vitumbua wa Pangani ikamtumia mwalimu. Kwahiyo mtu akiniambia mambo haya hayawezekani kwa sababu hela hakuna, mimi namkumbuka Bibi na zile S zake.

Babu alikuwa mkata mkonge. Wakati wa vita ya Korea bei ya mkonge ilipanda sana na wazee wa huku wanausimulia wakati ule kama neema, watu walinunua baiskeli, Babu akanunua cherehani. Baadae ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakaja kutaifishwa 1967, mengine yakageuka pori. Babu alifariki 1974 akiwa na mgongo umeisha na hakuacha kiinua mgongo chochote, aliacha watoto 7 na cherehani. Bibi hakuolewa tena. Alikuwa akiulizwa anasema "nimeshaolewa na hawa", anatuonyesha kwa kidevu.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonihusu mimi mwenyewe.

Mama yangu alikuwa mtoto wa nne wa Bibi. Alifariki 1996, mimi nna miaka 5. Mwaka uliofuata akafuata mama mdogo, alafu mjomba. Ugonjwa mnaujua. Dawa za kurefusha maisha zilikuja kutolewa bure na serikali kuanzia mwaka 2004, kwetu zilikuta tumeshazika. Bibi alikuwa na miaka 60 na kitu, umri ambao mtumishi wa ofisini anaagwa anapewa mkono wa kheri, yeye ndo akaanza upya na wajukuu 6, mkubwa wetu ana miaka 11, mdogo bado ananyonya na hakuna wa kumnyonyesha. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha kamba, vichwa huku miguu kule, na Bibi chini kwenye mkeka mlangoni. Mvua za El Nino za mwisho wa 97 zilipoanguka nyumba ilivuja kila mahali, nakumbuka usiku mmoja alihamisha kitanda mara tatu na sisi tukiwa juu yake tumelala, asubuhi ananiambia "mume wangu umelala fofofo, mvua ingekuchukua mpaka Bweni." Huku kwetu bibi anamwita mjukuu mume, ndo utani wetu. Na jua likichomoza vitumbua vilikuwepo kivukoni siku hiyo pia.

Wote 6 tulimaliza shule ya msingi. Wanne tulimaliza fomu foo, mmoja ni nesi, mimi ni fundi umeme, mdogo wetu yule wa kunyonya ni mwalimu wa sekondari wa hesabu. Waheshimiwa, miaka ile kila kijiji kilikuwa na bibi kama huyu, labda na nyie mmoja wenu amelelewa hivo hivo. Wale watoto yatima serikali isingeweza kuwabeba, hakuna vituo ambavyo vingetosha, wakabebwa na wazee wa kike kwa hela ya vitumbua, ya pombe ya mnazi, ya mikeka, ya dagaa. Ile ilikuwa ni kazi ya taifa. Naisema hivo na sitaki kupunguza neno.

Haya, Bibi ana mdogo wake, tunamwita Bibi Mdogo, baba mmoja mama mmoja, ameolewa Unguja tangu kabla ya Mapinduzi. Kutoka huku kwenda kule majahazi yanavuka toka enzi na enzi, ndoa kibao. Mwaka 2016 mwezi wa nne Zanzibar ikaanza pensheni jamii, kila mzee mkaazi wa kule aliyefikisha miaka 70 analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, haulizwi ulikuwa mtumishi wapi, haulizwi una watoto wangapi au nyumba yako ina bati au makuti. Baadae ikapandishwa ikafika 50,000. Bibi Mdogo akawa anapokea. Mwezi wa kwanza alimpigia dada yake simu analia, nilikuwepo, simu iko laudi, anasema "dada wameniandika, leo nimeitwa kwa jina langu."

Bibi akamuuliza wamekuandika kwa kazi gani? Akajibu "kwa uzee tu dada."

Basi kuanzia hapo kila mwezi Bibi Mdogo alikuwa anatoa kidogo anamtumia dada yake kwenye simu, ananiambia mwambie ni zetu wote. Yaani pensheni ya mdogo mtu ndo ilikuwa inamvukia bahari dada mtu, tumbo moja, nchi moja, bendera moja. Bibi alikuwa anaitoa yote kwa wakala, hela haimkai kwenye simu, anaifunga kwenye pindo la khanga fundo mbili, na akishafunga anaigusa gusa kama mtu anayehakikisha funguo. Sikuwahi kumsikia akimwonea kijicho mdogo wake hata siku moja. Lakini siku moja aliniuliza taratibu kabisa, "mume wangu, sisi wa huku tunazeeka baadae kuliko wa kule?" Sikuwa na jibu. Nimebeba swali lile miaka mingi sasa nawakabidhi nyie, kwa sababu nyie ndo mnalijua jibu.

Na hata hiyo laini ya simu haikuwa yake. Ule wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ulikuwa Januari 2020, tulimpeleka, kijana wa watu akajitahidi, kidole hiki, kile, paka mafuta, futa, jaribu tena, mashine haisomi. Vidole vya Bibi vilikuwa havina tena zile chapa. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kigumu kama kwato, na kwenye ukucha wake kulikuwa na mfereji mwembamba pale unapopita mwaa, lile jani la kusukia mikeka, ukisuka, miaka na miaka unapita hapo hapo mpaka ukachimba. Ikabidi laini isajiliwe kwa jina langu. Kazi ilimfuta vidole, na kwa kuwa vidole vimefutika hawezi kuandikwa. Mkija kuandikisha wazee, na nawaomba mje, tafadhali msije na mashine peke yake. Muulizeni balozi wa nyumba kumi, muulizeni mwenyekiti wa mtaa, waulizeni majirani, mtaani hakuna asiyejua nani mzee.

Kuna kipindi walipita watu kuandika majina ya kaya za kusaidiwa. Waliangalia bati. Bati tulimwekea sisi wajukuu, tulichanga miaka miwili, bati moja moja. Wakasema huyu ana watu wa kumtunza, wakapita. Siwalaumu, walipewa vigezo na wakavifuata. Lakini angalieni tabu ya kutafuta aliye masikini kuliko wenzake, unamwadhibu mzee kwa sababu wajukuu zake wana moyo. Zanzibar hawakuangalia bati. Kenya nao tangu 2018 walifungua kwa kila mzee wa miaka 70 asiye na pensheni nyingine, shilingi zao 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na najua kule wanalalamika malipo yanachelewa, ila wapo kwenye orodha, wana cha kudai.

Sisi Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Nimeisoma. Ni sera nzuri, inasema mzee ni hazina, inasema wazee wasio na uwezo watatibiwa bure. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na kibao cha Mzee Kwanza, na mimi nashukuru kwa hilo, nisiwe mtu asiyeona. Ila Bibi alikuwa na presha na miaka ya mwisho kisukari, na kuna hospitali moja, siyo ya hapa kwetu na siitaji, tulikaa naye kwenye lile dirisha tangu saa moja, tukaonwa vizuri, daktari mwenye adabu, akaandikiwa dawa nne, tukaambiwa iliyopo ni moja, tatu mkanunue nje. Nikamuona Bibi anaingiza mkono kwenye pindo lake anafungua fundo. Pensheni ya Bibi Mdogo ndo ikanunua dawa, zingine nikaongezea mimi. Kutibiwa bure kukiwa na maana ya kuonana na daktari bure, bado mzee anarudi nyumbani na karatasi. Sheria ya bima ya afya kwa wote imeshapita tangu 2023, naomba itakapofika kwa wazee ifike na vidonge.

Nitaje na hili ingawa halikumkuta yeye. Bibi alikuwa na macho mekundu, moshi wa kuni wa miaka 70. Huku kwetu macho yale yalimaanisha bibi wa vitumbua. Kuna mikoa ya nchi hii hii, Kanda ya Ziwa huko, bibi mwenye macho kama yale ameuawa kwa mapanga akaitwa mchawi, tena wengine na watoto wao wakigombania shamba. Mzee mwenye kipato chake cha kila mwezi, ambaye mjukuu anajua kalamu ya shuleni inatoka kwake, anatazamwa kwa jicho lingine. Simaanishi hela inaondoa ujinga wote. Namaanisha nimeona kwa Bibi Mdogo, kuanzia ameanza kupokea wakwe zake wanampisha kiti.

Kwahiyo ombi langu ni moja na najua lina gharama. Anzisheni pensheni jamii Bara. Sasa hivi mwenye pensheni ni yule aliyekatwa mshahara, mtu wa mifuko ya pensheni ya PSSSF na NSSF, na anastahili, lakini wengi wa wazee wetu hawajawahi kukatwa kwa sababu hawajawahi kulipwa. Kama hela haitoshi wote kwa mpigo, anzeni na wenye miaka 80, ni wachache na hawana muda wa kusubiri, mwakani shukeni 75, baadae 70. Na msisubiri tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, wale mama zetu wameshavaa fulana nyingi na kukaa kwenye matenti mengi. Wekeni kwenye bajeti, kwenye kifungu chenye namba, mbunge akisimama aweze kuuliza kimetumika kiasi gani.

Bibi Mdogo alivuka kuja kwenye arobaini. Mwenyewe ana miaka 80 na zaidi, alitapika njia nzima, kapanda boti hivo hivo. Baada ya hitma aliniita chumbani akafungua pindo lake, akatoa 15,000, noti zimekunjwa ndogo kama vile Bibi alivyokuwa anazikunja, akaniambia hii ni ya dada ya mwezi huu, nimeshazoea, sijui nimpe nani. Nikamwambia Bibi Mdogo mimi siwezi kuipokea. Tukakaa kimya. Alafu akauliza, "yule jirani yenu wa mwembeni bado anapika?"

Bado anapika. Nyumba ya tatu kutoka hapa, ana miaka 78, mjane, analea vitukuu wawili, Bibi kabla hajafa alimwachia kile chuma cha vitumbua. Tumempelekea ile 15,000 usiku ule ule. Leo alfajiri nimeamka kwa sauti ya kinu chake, nikaangalia simu, saa tisa na dakika 20.

Mjukuu wa Bibi wa vitumbua,
Pangani